Robi na Ufunguo wa Pili

Ukimtafuta Robi siku hizi, usiende Migori. Ile gereji ya nyuma ya soko, ambako alifanya kazi miaka tisa chini ya mabati yaleyale, ina mtu mwingine mahali pake. Nenda Rodi Kopany, kwenye barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, uulize fundi wa nyaya za magari, yule mwanamke. Utaonyeshwa kwa kidole. Ukiuliza kwa nini alihama Migori utaambiwa mengi, na sehemu kubwa ya hayo ni uongo. Najua, kwa sababu uongo huo ulitoka kinywani mwangu.

Alizaliwa Ntimaru, huko juu Kuria, mtoto wa nne wa Mzee Boaz. Boaz alilima tumbaku na mahindi, na alikuwa na mashine ya kusaga unga iliyoendeshwa kwa injini ya dizeli. Bega lake la kulia lilikuwa limeharibika, hakuweza kuzungusha mpini wa kuiwasha. Wanawe wa kiume waliona mambo ya unga ni ya wanawake, wakakataa kukanyaga pale. Basi kazi ikamwangukia Robi. Hawakufikiri kwamba anayewasha injini kila asubuhi mwishowe ataijua. Alipofika darasa la saba alikuwa akiifungua na kuifunga mwenyewe, na kaka zake walikuwa wakimbembeleza awachajie betri ya redio.

Marehemu mume wangu, Nicodemus, alikuwa daktari wa mifugo wa serikali. Alizunguka Kuria na Nyatike kwa Landrova ndefu ya kijani, na serikali ilipoamua kuuza magari yake ya zamani kwa mnada, aliinunua ileile. Kabla ya mnada huo, siku moja alikwenda Ntimaru kuchanja ng'ombe, akazima injini mbele ya boma la Boaz, na alipotaka kuondoka ikagoma. Wanaume wakajikusanya wasukume. Msichana mmoja alikuwa amesimama mbali, mikono imejaa unga.

"Daktari, wasisukume," alisema. "Si betri. Ni ule waya wa chini, umekula kutu."

Wanaume wakacheka. Nicodemus hakucheka. Msichana akaleta kisu cha jikoni, akaukwangua waya ule mahali unaposhika mwili wa gari, akaukaza, akasema, "Washa." Ikawaka.

Jioni ile, tukila, mume wangu alisema, "Leo nimefundishwa na mtoto wa watu." Ndiye aliyemwandama Boaz hadi Robi akapelekwa chuo cha ufundi. Katika darasa la umeme wa magari walikuwa wanafunzi kumi na tisa, na yeye peke yake ndiye msichana. Wenzake walimfichia bisibisi. Hakuwashtaki, alijifunza kufungua skrubu kwa sarafu, na alipomaliza chuo akaja Migori.

Mwanzoni mafundi walimpa honi na taa tu. Baadaye wakaanza kumpa magari yaliyowashinda, ili ashindwe na yeye. Hakushindwa sana. Alikuwa na namna yake: hakufungua boneti kwanza. Alimwambia mwenye gari akae kwenye usukani awashe, naye akasimama hatua kumi nyuma, amelipa gari mgongo, akisikiliza. Wateja wapya waliona ni madaha. Wakirudi mara ya pili walikaa wenyewe bila kuambiwa.

Nicodemus alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku ya kugawa nguo zake, wazee wa ukoo wameketi, mdogo wake Gordon alinyanyuka, akauondoa ufunguo wa akiba wa Landrova kwenye msumari wa sebuleni, akautia mfuko wa shati. "Wa ndugu yangu," alisema. Hakuna aliyepinga. Gordon ni mzee wa kanisa letu la Sabato, na boma lake linapakana na langu. Mimi nilibaki na ufunguo mmoja na gari lenyewe, nililolitumia kubeba mahindi na, msimu wa mvua, kupeleka wagonjwa hospitali pale pikipiki ziliposhindwa na matope.

Mwaka uliopita magari ya namna ile yakaanza kupotea upande wetu. Landrova za zamani, zile ambazo mtu huzitazama na kuona chuma tu, zinatafutwa kuliko mpya. Likivuka mpaka halirudi. Lisipovuka linakatwakatwa, mlango huku, giaboksi kule. Mawili yalitoweka mwezi mmoja, moja likiwa la paroko. Nikaamua kujenga banda lenye mlango wa chuma. Nikaenda kumjulisha Gordon, kama inavyopasa.

"Wapi?" aliuliza.

"Hapo kando ya nyumba, shemeji."

"Nyar Rusinga," alisema, maana kwetu Wajaluo mke huitwa kwa kwao, na mimi nilitoka Rusinga, "nani atasimamisha nguzo ya kwanza? Mwenye boma yuko chini ya udongo. Na wewe ulikataa kurithiwa."

"Nilikataa kwa imani, na wewe mwenyewe ukiwa mzee wa kanisa ulisema nimefanya vema."

"Kanisani nilisema hivyo. Hapa ni nyumbani. Mjane asiyerithiwa hapandishi paa. Unataka chira, laana ya mwiko, ituingilie, watoto waanze kukonda?"

"Ni paa la gari, si nyumba."

"Paa ni paa."

Ningeweza kubishana. Nilifundisha sekondari miaka thelathini na mmoja, najua kubishana. Lakini sikutaka isemwe kwamba mjane wa Nicodemus anapigana na shemeji zake. Gari likabaki nje, nami nikaenda kwa Robi.

"Mwalimu, dawa ni mnyororo," aliniambia. "Unashika usukani, unashuka unashika pedeli ya klachi. Mnene, tuupake rangi nyekundu, mwizi auone akiwa bado barabarani."

"Nilifunge gari la Daktari kama mbwa?"

"Mbwa aliyefungwa hapotei."

Mafundi wakaangua kicheko. Elvis, kijana mwenye maneno mengi anayepiga rangi magari, akabweka.

"Wageni watauona," nilisema. "Watasema kwetu watu hawaaminiani."

"Kwani mnaaminiana?"

"Robi!"

"Pole, Mwalimu. Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja anao shemeji yangu."

"Basi tubadilishe kitasa cha kuwashia. Nusu siku tu."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemfungia mlango? Huyo ni mzee wa kanisa."

Robi alinitazama kidogo, akafuta mikono. Alikuwa na kovu la asidi ya betri mkono wa kushoto, kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo, na akiwaza huwa analisugua. "Haya. Kama hutaki kionekane, tukifiche. Nitakata waya unaoruhusu dizeli kwenye pampu, niupitishe hapa." Akagusa laita ya kuwashia sigara iliyo karibu na redio. "Hii ilikufa zamani. Ikisukumwa ndani, gari linawaka. Ukishuka, ivute nje kidogo. Mtu atazungusha stata mpaka betri ilie, dizeli haitapita. Na kwenu Wasabato, nani atagusa laita ya sigara?"

"Hiyo ni swichi takatifu!" akapaaza Elvis, na gereji nzima ikacheka. Nami nilicheka, ila si kicheko kizima. Kulikuwa na jambo la nyumba yetu ambalo Nicodemus aliniomba nisilitamke, nami sikulitamka hata pale.

Miezi minane ikapita salama.

Kanisa letu ni mwendo wa dakika kumi, na Sabato mimi huenda kwa miguu. Jumamosi ile Gordon ndiye aliyepaswa kuongoza somo. Akatuma salamu kwamba tumbo linamsumbua, somo likaongozwa na mwingine. Niliporudi saa nane mchana, mahali pa Landrova palikuwa na nyasi zilizolala na doa la mafuta.

Jirani yangu ni Scovia, Mkatoliki, yeye Jumamosi hufua.

"Scovia, umeliona gari?"

"Si lilitoka saa nne? Nikasema leo Mwalimu amechelewa kanisani, ameamua kujibeba."

"Alikuwa nani?"

"Aa, mimi nilikuwa kwenye povu. Nilisikia stata imelia sana, ikanyamaza, halafu likawaka. Likatoka. Halafu mtu akashuka, akarudi kufunga geti vizuri." Akasimama na shuka mkononi, maji yakimchirizika. "Mwalimu, mwizi gani anarudi kufunga geti?"

Sentensi hiyo nilikwenda nayo hadi kituo cha polisi, na huko nikaimeza.

Koplo Maranga alinipa kiti kwa heshima. Mtoto wa dada yake nilimfundisha. Aliniuliza kama kulikuwa na kioo kilichovunjwa, nikasema hapana. Akauliza kama geti lilivunjwa, nikasema hapana.

"Funguo za gari ni ngapi?"

Akilini nilimwona Gordon mbele ya kanisa na kitabu chake. Nilimwona Nicodemus aliyejenga jina lile kwa kuamka saa kumi za usiku kuzalisha ng'ombe wa watu. Nilijua pia, kama mtu anavyojua jino linalouma kabla ya kuligusa, kwa nini tumbo la mtu lingeuma siku hiyo.

"Mmoja," nilisema. Nikautoa mkobani, nikauweka mezani. "Huu."

Akaandika. "Kuna ulinzi mwingine wowote?"

Nikamweleza habari ya laita.

"Nani alijua?"

"Mimi na fundi."

"Fundi yupi?"

"Robi, wa nyuma ya soko."

"Robi wa Kuria?" Akainua kalamu, akatabasamu. "Sasa Mwalimu, mbona unatuchosha? Si umeshatutajia mwizi? Ng'ombe wa kuiba wamepungua huko kwao, wamehamia magari."

Nimefundisha watoto wa Kuria maisha yangu yote. Nimewahi kumtoa mwalimu mwenzangu nje ya chumba cha walimu kwa maneno machache kuliko hayo. Siku ile nilitia sahihi, nikachukua mkoba wangu.

Robi alikamatwa Jumapili asubuhi, mbele ya wateja wawili, kichwa chake kikiwa chini ya dashibodi ya lori. Walimvuta kwa miguu. Saa sita nikapigiwa simu kwamba Landrova imeonekana barabara ya kwenda Sori, katikati ya mlima, imekaa kombo kando ya njia. Nilikwenda na Maranga kwa gari la polisi.

Halikuwa limevunjwa popote. Betri ilikuwa imekwisha kwa kupigwa stata. Laita ilikuwa sakafuni, imechomolewa kabisa. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na sigara nzima ambayo haijawashwa, ncha yake imetafunwa na kulowa.

"Mwenzake anavuta," alisema Maranga. "Tutampata. Kesho saa tatu huyu binti anakwenda kortini, tutaomba siku zaidi. Akikaa ndani kidogo atamtaja."

Nikamwomba anipe dakika chache na Robi. Akanikubalia kwa sababu ni mimi.

Walimleta kwenye benchi la korido. Walikuwa wamemnyang'anya viatu, na miguu yake ilikuwa na grisi bado. Aliketi bila kunisalimu, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Gari limepatikana," nilisema.

"Wapi?"

"Njia ya Sori. Mlimani."

"Lilizima likipanda?"

"Inaonekana hivyo."

"Laita ilikuwaje?"

"Imetolewa. Iko chini."

Akaanza kusugua lile kovu. Nilimwona anasikiliza, kana kwamba injini ile iko hapo koridoni. "Mwalimu, mimi niliyeifunga ile swichi, ningeichomoa gari likiwa linapanda mlima?"

Nilitikisa kichwa.

"Huyo hakujua swichi. Alikaa akapiga stata, ikakataa. Akakasirika. Mvutaji akikasirika anatoa sigara. Akaisukuma laita ipate moto. Haikupata moto. Akajaribu stata tena, ikawaka, akafikiri ni bahati. Akaenda. Bado hamu iko. Akafika mlimani, akaivuta aone kama imewaka. Dizeli ikakatika." Akanitazama machoni. "Kulikuwa na sigara?"

"Kwenye kiti. Haijawashwa."

"Na kitasa hakikuvunjwa. Alikuwa na ufunguo." Sauti yake ilishuka. "Niliwaambia funguo ni mbili. Huyo koplo akanicheka. Akanionyesha karatasi yako. Akaniuliza, unamwita Mwalimu mwongo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza. Daktari ndiye aliyenipeleka shule."

Mlinzi akaja kumrudisha. Akiwa mlangoni akageuka. "Mwalimu, nikiingia kortini kwa wizi wa gari, nani atanipa tena gari lake? Hata wakiniachia. Mtu anampa fundi ufunguo wake na kwenda zake. Hiyo ndiyo kazi yote. Ikitoka hiyo, mimi narudi kusaga unga."

Jambo ambalo Nicodemus aliniomba nisilitamke ni hili: Gordon anavuta sigara. Amevuta tangu ujana, nyuma ya ghala, kisha hutafuna majani ya mnanaa na kuingia kanisani. Na kabla ya kuiwasha huitafuna ncha. Mume wangu alimfichia miaka ishirini. "Ya nyumbani yabaki nyumbani," alizoea kusema, nami nilidhani huo ndio mwisho wa busara.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomkuta barazani kwake, kijitabu cha somo mapajani.

"Karibu, Nyar Rusinga. Nasikia gari limepatikana. Tumshukuru Mungu."

"Ufunguo wako uko wapi, shemeji?"

Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati kabla ya mdomo kufunguka. Akaurudisha chini.

"Umeacha sigara yako kwenye kiti," nilisema.

Ndani ya nyumba sahani zilizokuwa zikigongana zikanyamaza. Gordon alitazama mlango, kisha akasema polepole, "Keti."

"Nitasimama."

"Kuna mtu wa Sori, ana boti na nyavu nyingi, anataka gari lenye nguvu. Nilikuwa nimemwahidi. Ningekuambia baadaye. Linaozea nje pale, na wewe huwezi hata kulijengea."

"Siwezi kulijengea! Nani aliyenikataza?"

"Punguza sauti. Mtu huibaje kitu cha ndugu yake? Na tazama, halikufika. Lilikufa mlimani lenyewe, kama lililokatazwa. Niliogopa. Niliona ni Nicodemus."

Ningeweza kumweleza kilicholizima. Sikuona kwa nini nimpunguzie hofu.

"Na Robi?"

"Robi ni nani?"

"Binti aliyelala seli kwa ajili yako."

"Ataachiliwa tu. Hawana ushahidi. Wale watu wamezoea seli." Akafunga kijitabu. "Na aliyemweka huko si mimi. Mimi sikuandika kitu polisi."

Hilo lilikuwa kweli, na lilinichoma kuliko mengine yote.

"Fikiri vizuri, Nyar Rusinga," aliendelea, sasa kwa upole. "Ukifungua mdomo, hawatasema Gordon. Watasema nyumba ya Nicodemus. Watoto wako wana kazi nzuri kwa sababu ya jina hili. Na wewe mwenyewe, siku yako ikifika, nani atachimba kaburi lako karibu na lake? Ni sisi."

Nilirudi kwangu kwa njia ile ndogo ya kwenye ua. Sitasema niliomba sana au nililia. Nilifua blauzi nyeupe, nikaipiga pasi, nikaketi nayo mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa mezani kwa Maranga. Nilimwona Robi kupitia dirishani, amepangwa na watu wengine wanne kusubiri gari la kortini, wamefungwa pingu wawiliwawili. Yeye alikuwa wa tano, peke yake.

"Nataka kuandika taarifa upya," nilisema.

"Umekumbuka kitu?"

"Sikusahau kitu. Nilidanganya."

Aliweka kikombe chake chini. "Mwalimu."

"Funguo ni mbili. Wa pili anao shemeji yangu, Gordon. Ndiye aliyelichukua gari, na jana jioni amekiri kwangu. Nilikuwa namshuku nilipokuwa nimekaa hapa Jumamosi."

"Unajua kudanganya polisi ni kosa? Naweza kukuweka kule ndani sasa hivi, na wewe umemfundisha mpwa wangu."

"Najua. Niwekee karatasi."

Hakuniweka ndani. Alikwenda kwa mkubwa wake, wakakaa muda mrefu mlango umefungwa. Mimi niliandika kwa mkono wangu, kurasa mbili, nikataja na geti lililofungwa vizuri, na maneno ya Scovia. Gari la kortini likaondoka na watu wanne. Saa tano Robi akatoka na viatu vyake mkononi. Vifaa vyake vilibakizwa kama ushahidi.

Nilimngoja kwenye lango. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga kwa Kiswahili kizuri. Hakunipa nafasi.

"Unakwenda wapi, Mwalimu?"

"Nyumbani."

"Twende gereji kwanza."

"Kufanya nini?"

"Walinivuta kwa miguu pale, mbele ya watu. Si hapa."

Tukaenda kwa miguu, yeye mbele. Njiani wanawake wa nyanya walinyamaza tulipopita, na mmoja akavuta bakuli lake la pesa karibu na goti. Robi aliliona. Mimi pia nililiona.

Gereji ilikuwa imejaa. Mahali pake, chini ya bati, fundi mwingine alikuwa ameshatandaza gunia na vifaa, na lile lori alilokuwa akilitengeneza lilikuwa mikononi mwa mtu huyo.

"Ala! Robi umetoboa ukuta?" Elvis aliita. "Ama umewauzia gari la OCS?"

Wengine wakacheka, bila raha. Robi alisimama tu. Nikaelewa kwamba hatasema neno, na kwamba kimya kile kilikuwa changu kukivunja.

Nimehutubia wazazi mia tano bila kutetemeka. Pale, mbele ya wanaume kumi na wawili wenye ovaroli, niliushika mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Robi hakuiba gari langu," nilisema. "Lilichukuliwa na shemeji yangu, Gordon, mzee wa kanisa. Alikuwa na ufunguo wa pili. Robi aliwaambia polisi ukweli, na mimi niliwaambia uongo, nikijua ni uongo, kwa sababu sikutaka jina la nyumba yangu litajwe. Nimekwenda leo kuandika hivyo kwa mkono wangu. Anayetaka kuthibitisha akamuulize Koplo Maranga."

Hakuna aliyecheka. Honi ililia barabarani. Elvis alifuta brashi yake kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema, "Mathe, hayo si ni mambo ya kwenu?"

"Yalikuwa ya kwetu," nilisema, "mpaka nilipoyatupa juu yake."

Yule fundi mwingine akaanza kukunja gunia lake. Robi akamzuia kwa mkono. "Wacha. Maliza lori ya watu." Hata pale niliona kwamba asingekaa. Maneno yangu yalikuwa yamefika kwa wanaume kumi na wawili. Yale ya Jumamosi yalikuwa yameshafika Isebania, mpakani. Wiki mbili baadaye alipata nafasi Rodi Kopany, ambako wateja walimjua kwa mikono yake tu.

Lakini mchana ule alinisindikiza hadi barabarani. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza.

"Mwalimu," alisema, "shemeji zako watakuwa wameshasikia. Nenda mapema, usiwape muda wa kupanga maneno."

Hawakuwa wamepanga maneno bado, ila viti walikuwa wameshavipanga. Nilipofungua geti waliketi uani kwangu, karibu kumi wa ukoo, wanaume mbele na wake zao nyuma, kwenye viti vya sebuleni kwangu walivyovitoa bila kuniuliza. Gordon alikuwa katikati, ametulia, mfuko wa shati mtupu. Nilihesabu viti, kiti changu hakikuwepo.

"Nyar Rusinga," alisema mkubwa wao, "tumesikia umesimama sokoni ukataja jina la nyumba hii mbele ya watu. Tuambie hapa ulisema nini."

Niliweka mkoba wangu chini, juu ya nyasi, nikasimama mbele yao, nikawaambia yaleyale, neno kwa neno.